Malaria, kisha yutiai, kisha mashine ikaandika HI

TabibuWaKusini

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili ninalo mwezi wa pili sasa. Nimeona nilitoe hapa maana nyumbani mke wangu amechoka kulisikia.

Mimi ni tabibu, zahanati ya kijiji, mkoa wa Lindi. Tuko watatu: mimi, muuguzi mmoja na mhudumu wa afya. Siku ya kawaida wagonjwa arobaini, siku ya kliniki ya watoto usihesabu.

Aliletwa binti wa miaka saba, darasa la kwanza, na bibi yake. Wazazi wako Dar. Shida: "Mtoto amelegea, hataki hata kucheza." Joto 36.9. Nikampima malaria kwa kipimo cha haraka, mistari miwili. Sikuuliza kitu kingine. Huku kwetu mistari miwili ni kama hukumu, ukishaiona kalamu inaandika mseto, dawa ya malaria, yenyewe. Nikamwambia bibi ampe na maji ya kutosha. Bibi akacheka: "Maji? Huyu maji anakunywa kama ng'ombe." Nikacheka naye. Kicheko hicho ndicho kinachoniamsha usiku.

Siku ya tisa wakarudi. Mimi nilikuwa wilayani kwenye mafunzo. Muuguzi aliandika: "Anakojoa mara kwa mara, anakojoa kitandani, tumbo linauma." Stiki za mkojo zilikuwa zimeisha tangu mwezi uliotangulia. Akaandika UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, akampa amoksisilini. Simlaumu hata chembe. Ningekuwepo ningeandika hivyo hivyo, na pengine ningeongeza dawa ya minyoo.

Siku ya kumi na nne, saa mbili asubuhi, bibi akashuka kwenye bodaboda, kambeba mtoto mgongoni kwa kanga. Mtoto haitiki. Midomo imekauka imepasuka, macho yameingia ndani, anahema kwa nguvu kama mvukuto wa mhunzi. Nikaweka stetoskopu: kifua safi pande zote mbili. Mdomoni harufu tamu ya kuchacha, kama mabibo ya siku ya tatu. Muuguzi akaninong'oneza, "Isije ikawa kanyweshwa uraka," ile pombe ya mabibo. Mimi moyoni nikasema malaria kali, nikaagiza artesuneti, sindano ya malaria kali.

Sasa mtoto asiyejitambua tumefundishwa kuangalia sukari, isije ikawa imeshuka. Mashine ya sukari inalala chumba cha wajawazito. Wakati inafuatwa mimi nikaanza kuchanganya dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 50 iwe ya 10, mililita tano kwa kila kilo. Sindano ilikuwa tayari mkononi mashine ilipofika.

Ikaandika HI.

Muuguzi akasema, "Imeharibika hii, inatusalimia." Akabadili stiki. HI. Tukaosha kidole kingine kwa maji, tukakausha, tukapima. HI. Hapo ndipo nilipokumbuka ile karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi, ambayo hakuna anayeisoma: HI ni "high", juu mno; sukari ikipita 33.3 mashine haina tena namba ya kukupa.

Nikaiweka sindano mezani taratibu, kama mtu anayeweka chini yai.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama mjamzito. Tulisubiri saa moja na nusu, nikatundika chupa ya salini ikidondoka polepole kwa kuogopa kukosea zaidi. Alifika hospitali. Alikaa siku sita. Ni kisukari. Yuko hai, anachoma insulini.

Jioni ile nilifungua kitabu cha MTUHA namba 5, rejista yetu ya wagonjwa wa nje. Ziara ya kwanza uzito kilo 21. Ya pili 18.5. Ya tatu, tuliyompima akiwa mikononi mwa bibi kisha tukatoa uzito wa bibi, 17. Kilo nne ndani ya wiki mbili, na zote tumeziandika wenyewe kwa kalamu ya bluu, kurasa tatu tofauti, hakuna aliyerudi nyuma kusoma.

Angekuwa na miaka minne bibi angekuja na kadi ya kliniki na mstari ungeonekana umeporomoka. Lakini kadi inaishia miaka mitano, na ule mwongozo wetu wa kupima watoto hatua kwa hatua nao unaishia hapo hapo. Mtoto wa miaka saba ni mtu mzima mdogo, anaingia foleni na wazee wa presha.

Swali langu, na naomba tusihubiriane: ninyi mlioko ngazi ya chini mnamtambuaje mtoto wa kisukari akiwa bado anatembea? Sitaki orodha ya dalili, hizo nilizikariri chuoni nikafaulu. Nataka kitu cha kuuliza au kutazama nikiwa na watu thelathini nje na dakika nne za kila mmoja.

---

BibiNesi_Mstaafu

Marahaba mwanangu, hata kama hukunisalimia.

Nimefanya kazi hii miaka thelathini na nne. Tulipoanza hatukuwa na mashine wala stiki. Tulikuwa na maji ya Benedict, ya buluu. Unatia matone ya mkojo kwenye mrija wa kioo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, salama. Ikigeuka kijani, njano, ukifika wekundu wa tofali unamwita daktari mbio. Siwaambii mrudi huko. Nakumbuka tu kwamba tulikuwa tunautazama mkojo. Siku hizi naona watu wanatazama kidole peke yake, na kidole wanakitazamia malaria.

Sasa swali lako. Usimuulize bibi "mtoto anakojoa sana?" Kila mtu atakwambia kawaida, au ataona haya. Muulize: "Usiku anaamka mara ngapi kukojoa? Na zamani je?" Hiyo "zamani je" ndiyo yenye kazi. Kikojozi wa tangu utoto hanishtui. Anayenishtua ni yule aliyeacha mwaka mzima, au miaka miwili, halafu akaanza tena. Huyo simwachi aondoke bila kumpima.

Kwa kina mama wa vijijini nilikuwa nauliza pia habari za sisimizi. "Mtoto akikojoa uani, sisimizi wanajaa?" Wengine wanashangaa nimejuaje. Wapo waliodhani ni uchawi, sisimizi wametumwa.

Na la kutazama ni hili. Mtoto wa kuharisha akikauka, mkojo unakatika. Unamuuliza mama, anakwambia tangu jana hajakojoa. Mtoto wa sukari anakauka kama kigae huku bado anakojoa. Ukiona ukavu na mkojo vimekaa pamoja kwa mtoto mmoja, acha mengine yote.

Nami nikuulize: ile kanga aliyobebewa asubuhi ile, ilikuwa kavu?

---

TabibuWaKusini

Shikamoo Bibi, nisamehe.

Ilikuwa imelowa mgongo mzima. Nilidhani ni jasho la bibi.

---

MamaMwanafunzi_Tanga

Kaka Tabibu pole sana, na asante kwa kulisema. Mimi niko upande wa pili wa meza, ni mama. Mwanangu aligundulika akiwa na miaka tisa, sasa yuko kidato cha pili.

Wa kwanza kuona hakuwa mimi wala daktari, alikuwa mwalimu, ila aliona vibaya. Aliniita shuleni kuniambia mtoto anatoroka vipindi, kila nusu saa anaomba ruhusa ya chooni, akirudi anapitia bombani. Alikuwa ameshamchapa. Nami nikamchapa nyumbani kwa kukojoa kitandani, umri wake ule. Nayaandika haya kwa sababu hayafutiki.

Alipoanza kukonda watu wote walijua ugonjwa mmoja. Tulipimwa, mimi na yeye, mara mbili, na kifua kikuu pia. Majibu yote mazuri. Jirani akasema kama vipimo havioni basi si ugonjwa wa hospitali. Hapo nikapoteza siku nne kwa mganga wa kienyeji. Muda wote huo nampa nguvu: ile glukosi ya unga ya dukani, kopo zima kwa siku mbili, na soda asubuhi. Anakunywa kwa pupa, mimi nafurahi, nasema afadhali anapata kitu tumboni. Nilikuwa natia mafuta kwenye moto.

Halafu kuna jambo nataka wahudumu mlisikie. Kituo tulichokwenda (sikitaji) hatimaye alipatikana kijana akasema, "Mama, huyu inaweza kuwa sukari." Nikamshukuru Mungu. Akaendelea: "Basi kesho mlete asubuhi bila kula, tumpime sukari ya kufunga." Tukarudi nyumbani. Saa nane usiku mtoto alikuwa anatapika na hajui mimi ni nani. Mashine ilikuwa pale pale mezani kwake.

La mwisho. Miezi miwili baada ya kuanza insulini, dozi ilishuka hadi yuniti tatu nne, mtoto kanenepa, kanisani wakatoa ushuhuda kwamba kapona. Bahati daktari wetu alishanionya, alikiita fungate: kongosho linajikongoja kwa muda kisha linachoka. Ningeacha sindano wiki ile, tungerudi pale pale.

---

Maabara_Mtwara

Salaam wote. Nichangie kidogo upande wa vipimo, maana hapo naona tabibu anajilaumu kwa kitu ambacho hata kipimo kinashiriki.

Kipimo cha haraka cha malaria tunachotumia sana kinatafuta protini ya vimelea, si vimelea wenyewe. Mtoto akitibiwa akapona, protini ile inaendelea kuonekana kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mistari miwili kwa mtoto asiye na homa inaweza kuwa malaria ya mwezi uliopita. Na hata kama ni ya leo, kuwa na malaria hakumzuii mtoto kuwa na kisukari. Muulize bibi kama alitumia mseto hivi karibuni.

Kuhusu mashine: mnawa mikono kwanza. Msimu wa embe nimepata 17 kwa mtoto mzima kabisa aliyetoka kula embe, baada ya kunawa ikasoma 5.2. Tabibu alifanya vizuri kubadili kidole. Stiki za mkojo nazo, kopo likiachwa wazi kwa unyevu wa pwani zinageuka rangi zenyewe, zinakudanganya. Funga kifuniko kila unapochomoa moja.

Na hilo la HI, jamani, tuliandike ukutani. Si wewe tu. Nimeitwa mara mbili "kutengeneza" mashine ambayo ilikuwa nzima.

---

Mpitanjia77

Mnaongea kama vile stiki zinaota kwenye mikorosho. Sisi boksi moja la stiki 50 linatakiwa lifike mwisho wa robo, wajawazito na wazee wa sukari wanaligombania. Kisukari cha watoto ni nadra, tena mara nyingi ni watoto wa mjini, wanene, wanaokula chipsi. Ukianza kumpima kila mtoto anayesema ana kiu na jua hili la Nachingwea, utafunga zahanati.

---

DaktariWaWatoto

Mpitanjia, nusu uko sawa na nusu si sawa. Ni kweli usimpime kila mtoto. Lakini hao wanene unaowasema ni habari ya aina ya pili. Hawa wa aina ya kwanza kinga ya mwili inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, haihusiani na chipsi wala soda. Ninaowapokea wodini wengi ni wembamba, wametoka vijijini, na wengi wamepita kituo mara moja au mbili kabla ya kuletwa kwangu. Kuhusu unadra: umejuaje ni wachache, ikiwa wanaofariki wameandikwa malaria au nimonia?

Tabibu, nikupe moyo kwa jambo moja. Uliipa mashine nafasi kabla ya sindano. Nimepokea watoto waliotangulizwa na dekstrosi.

Anachosema Mama wa Tanga ndicho ningependa kila zahanati ikijue. Mtoto mwenye dalili hizi hahitaji kufunga kula. Sukari ya wakati wowote ikiwa 11.1 au zaidi, pamoja na kiu, mkojo na kukonda, hicho ni kisukari, na rufaa ni leo. Hata kama anacheka na anatembea. Hasa kama anacheka na anatembea, kwa sababu huyo ndiye wa kuokoa bila kumpitisha kwenye shimo. Mtoto anaweza kutoka kwenye kiu hadi kupoteza fahamu ndani ya siku chache, na akiwa mdogo chini ya miaka miwili ni haraka zaidi. Kwa hao wadogo mama hawezi kukuambia kiu. Angalia nepi zinazokuwa nzito kwa mkojo na fangasi wa sehemu za siri wasiosikia dawa.

Kuhema ulikokusikia si kwa mapafu. Damu imekuwa na tindikali, mwili unajaribu kuitoa kwa pumzi. Ndiyo maana kifua kilikuwa safi. Mtoto anayehema hivyo, hana kikohozi, hana homa, kifua kisafi: pima sukari kabla ya kuandika nimonia.

Na ile salini uliyoiendesha kwa woga, woga wako ulikuwa na akili. Kama hana shoki, mililita 10 kwa kila kilo kwa nusu saa hadi saa moja, yaani kwa kilo 17 ni 170 tu. Ukimtendea kama mtoto wa kipindupindu utampa mara tatu yake kwa nusu saa, na hawa ubongo wao unaweza kuvimba. (Akiwa na shoki kweli, mapigo hayashikiki na mikono ya baridi, hapo unafuata mwongozo wa shoki.) Insulini usiguse zahanati. Inaanza angalau saa moja baada ya maji, tena inasukuma potasiamu iingie kwenye seli, na moyo hauvumilii hilo bila uangalizi. Piga simu unakompeleka, waseme wako tayari.

Kuhusu swali la BibiNesi, shikamoo Bibi, sina cha kuongeza, ila nikuambie halikuwa lako peke yako. Huko Parma, Italia, mwaka 1991 walibandika mabango mashuleni na kwa madaktari wa watoto, ujumbe wake mkubwa ukiwa huo huo: mtoto aliyekuwa halowani ameanza tena kulowanisha kitanda. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliogundulika 78 walifika wakiwa na tindikali. Miaka iliyofuata ikashuka hadi 12.5. Bango na swali, basi.

Yule binti muulizie kama ameandikishwa kliniki ya watoto wenye kisukari. Upo mpango wa Changing Diabetes in Children, ulianza 2009, hapa nchini unakwenda na Chama cha Kisukari, insulini na stiki wanapata bila malipo. Bibi asije akawa anauza kuku kununua kichupa.

---

BibiNesi_Mstaafu

Marahaba daktari. Italia walininakili.

---

TabibuWaKusini

Wakuu, nimerudi. Wiki tano zimepita.

Swali la Bibi tumeliandika kwa maka peni kwenye karatasi ya manila, limebandikwa mbele ya kiti changu na jingine mbele ya kiti cha muuguzi: "Usiku anaamka mara ngapi? Zamani je?" Chini yake muuguzi kaongeza kwa mwandiko wake: "HI si salamu." Mashine imehama chumba cha wajawazito, inakaa mezani, wajawazito ndio wanaifuata sasa na wananung'unika.

Mpitanjia, kwa ajili yako nimehesabu. Tangu tubandike nimepima watoto kumi na mmoja. Wote sawa, hakuna hata mmoja. Msimamizi kutoka halmashauri ameshaniuliza hizo stiki kumi na moja zimekwenda wapi, nikamwonyesha kitabu, akatazama, akafunga, hakusema ndiyo wala hapana. Kitu kingine ni uzito. Mtoto wa zaidi ya miaka mitano akirudi ndani ya mwezi, anayempokea anarudi nyuma kutafuta jina lake na kuandika uzito wa zamani pembeni ya mpya. Kinatuchelewesha, sitadanganya, hasa Jumatatu.

Shuleni nilikwenda pia, baada ya kusoma ya Mama wa Tanga. Mwalimu mkuu alinipa dakika kumi asubuhi mstarini. Walimu wawili walikuja baadaye kuniuliza habari za watoto wao wenyewe.

Binti aliandikishwa kliniki. Bibi amejaza mchanga kati ya chungu kikubwa na kidogo, anaumwagia maji asubuhi na jioni, kichupa kinakaa humo ndani kwenye ubaridi. Juzi Jumanne walipita kwangu kupima uzito, 20.2. Binti akataka abonyeze mashine mwenyewe, akajichoma kidole bila kukunja uso, tukangoja watatu tumeinama mezani.

Bibi haoni namba vizuri. Akauliza, "Imesalimia?"

Nikamwambia, "Leo haijasalimia, Bibi. 9.4."